Visoda Viwili Ulivyonilisha

Baba,

Jana alasiri nilisinzia kwenye kiti chako hapa Murera, nikakuona. Ulikuwa unatembea katikati ya mikahawa, ukungu umekufika kiunoni, kofia yako ya jeshi mkononi. Hukuniangalia. Ulikuwa unasikiliza kitu ng'ambo ya mto. Nilipoamka, redio ilikuwa bado inazungumza kuhusu vita vile vile.

Vita vyetu. Naviita vyetu, ingawa vinapiganwa mbali na havitujui. Miaka miwili tulivifuatilia, mimi na wewe: nchi ndogo inachapwa na nchi kubwa, mji wake umezingirwa. Niliandika gazetini kwamba mchezo umekwisha, wadogo wakubali masharti, na anayewapa matumaini anafanya biashara ya maiti. Uliisoma makala hiyo mara mbili, ukavua miwani. "Mami," ukasema, maana nimebeba jina la mama yako na hukuwahi kuniita vingine, "umehesabu bunduki zote za hao wakubwa. Usingizi wao je, umeuhesabu?"

Nilicheka. Sajini mstaafu, nikakuambia, fundi wa redio za jeshi, unifundishe vita mimi niliyesoma kabati zima la vitabu vya vita?

Siku ya mwisho, hospitalini Thika, tulicheza drafti, ubao juu ya blanketi, na vifuniko vya soda ndizo kete zetu, visoda vyako kifudifudi, vyangu vikitazama juu. Ilikuwa zamu yako. Ulikawia. Nikapandwa na hasira, Mungu anisamehe, nikasema, "Baba, kubali umeshindwa, kama hao watu wako." Ukatabasamu. "Wacha niwaze, Mami. Tutamaliza kesho." Nikachora nafasi za visoda nyuma ya bahasha ya dawa, nikaenda zangu bila kuaga. Kulipokucha walinipigia simu.

Baba, walivuka. Wiki ya sita baada ya kukuzika, alfajiri, wale wadogo walipita kwenye kinamasi ambacho kila mtaalamu alisema hakipitiki, wakaingia ndani ya nchi ya wakubwa wenyewe, upande uliolindwa na vijana ambao hata buti hawajazizoea. Na kule hakuna cha maana! Mashamba ya viazi, stesheni moja ya treni. Nilipiga kelele wiki nzima kwamba ni kiki tupu, kutafuta sifa tu. Lakini wakubwa waliona aibu, wakang'oa vikosi vyao pale mjini wakimbilie viazi. Mzingiro ukalegea. Barabara ikafunguka, unga ukaingia. Leo hao waliokataa hata kuongea wameketi mezani.

Ndipo nikaitafuta ile bahasha.

Nilipanga visoda kama ulivyoviacha, nikaona ulichokuwa unawaza. Unasogeza kisoda cha pembeni, ninakula. Kwenye drafti kula ni lazima, hakuna kusema nimeshiba. Unanilisha cha pili, ninakula tena. Hapo mstari wangu wa nyuma unabaki wazi kama shamba lililovunwa, na kisoda chako kimoja kinatembea taratibu mpaka kwangu. Ulikuwa umeshanishinda, Baba. Ulikuwa umelala pale na mipira ya oksijeni puani, umeshanishinda, na mimi nakuambia ukubali.

Sitakubali yote, usije ukadhani si mimi ninayeandika. Shambulio la ghafla hugeuza vita, sawa. Lakini kwenye kinamasi kile wamebaki watoto wa watu, na hao si visoda. Nadhani hilo ulilijua kunishinda. Mimi vilivyoliwa nilikuwa navitupa popote. Wewe ulivilaza ndani ya kofia yako, kimoja kimoja, polepole, kama mtu anayelaza watoto. Sikuwahi kukuuliza ulikuwa unawakumbuka akina nani.

Jumapili makala itatoka. Nitaandika kwamba nilikosea, na kwamba aliyeniambia mapema ni sajini wa Murera, baba yangu. Aya ya kwanza haitakuwa na "lakini" hata moja, nakuahidi. Aya ya pili siahidi kitu; mimi ni mtoto wako.

Zamu yako nimekuchezea. Kisoda chako kimefika, nimekipandishia kingine juu, sasa ni kingi, mfalme wa ubao. Vile viwili nimevilaza kwenye kofia.

Ile kwaheri niliyoondoka nayo siku ile, ichukue sasa. Lala, Baba. Umeshinda.

Mami wako