Kitenge cha Mama Jukwaani

Fort Worth, 12 Aprili 2025

Léoncie binti yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ila goti linanisumbua nikitoka kazini ghalani. Kaka yako Audace anakusalimu. Wewe je, macho yako na hiyo cherehani ya jumba la opera?

Tikiti zimefika. Mwanangu, opera hii nimeingoja tangu kule kambi ya wakimbizi, tangu yule padri Mjerumani anisikilizishe kanda zake na kunieleza: hapa miungu wanajengewa ngome, hapa wanavuka daraja la upinde wa mvua kuiingia. Marehemu mama yako alinicheka, "Mzee, hilo daraja lako liko wapi?" Sasa nitaliona kwa macho yangu, na mavazi umeshona wewe! Nimeshatangazia parokia nzima.

Papa yako

Houston, 16 Aprili

Papa mpenzi,

Milele amina. Macho hayajambo, pole na goti. Nina furaha mpaka chakula hakipiti. Ila mwongozaji wetu ana mambo ya kisasa, usitegemee sana mikuki na ngao. Ukifika utaelewa. Vaa koti, humo ndani kuna baridi.

Bintiyo Léoncie

Fort Worth, 28 Aprili

Léoncie,

Habari za huko. Naandika kwa sababu kwa simu ningepiga kelele majirani waite polisi.

Pazia linafunguliwa, naona nini? Mahema ya plastiki! Foleni ya maji! Miungu wamevaa malapa, wamebeba madumu. Ngome yao ni ghala la maboksi, mpaka foklifti ya kunyanyulia mizigo ipo. Yaani nimetoka Fort Worth mpaka Houston kuja kutazama kazini kwangu?

Nikafumba macho nisikilize muziki tu, maana muziki hawakuuharibu. Audace akanigusa: "Papa, tazama." Yule mwimbaji anayeigiza mungu mama wa ardhi amejifunga kitenge cha kijani chenye tausi, kimeungua pindoni. Nakijua kile. Kiliungua siku mama yako alipoipua sufuria ya maharage. Nilikukabidhi wewe tulipomzika.

Mwishoni wakamvua, wakakitandika chini, na miungu wote wakapita juu yake na viatu vyao. Eti ndilo daraja. Watu wakasimama kupiga makofi. Mimi nikatoka.

Nazaire

Houston, 2 Mei

Papa,

Tumsifu Yesu Kristo. Goti linaendeleaje? Umesaini jina lako kama unaiandikia benki, nimelia sana.

Ni mimi niliyekitoa kitenge, Papa. Mwongozaji aliniuliza kambi ilikuwaje. Miaka yote hapa hakuna aliyewahi kuniuliza, basi nilipoanza kusema nikashindwa kunyamaza. Siku moja nikamwonyesha kitenge, akasema hili ndilo daraja letu. Nilijivuna. Nilitaka watu hawa wamwone Mama, watuone na sisi.

Nijibu, hata kwa kunitukana.

Bintiyo Léoncie

Houston, 19 Mei

Papa,

Hujambo? Kila nikipiga Audace anasema uko kazini, hata Jumapili.

Jana, kabla ya onyesho la mwisho, nilikichukua kitenge nikatoka nacho. Mwongozaji alinifokea mbele ya wote, wakatandika shuka. Sidhani kama wataniita tena msimu ujao. Nimekituma kwa posta.

Bintiyo

Fort Worth, 27 Mei

Léoncie,

Amani kwako. Goti limepata nafuu.

Kitenge kimefika. Nimekinusa, kinanuka poda na vumbi la jukwaa. Mama yako hayumo tena. Juu ya tausi kuna alama ya soli.

Unasema ulitaka watuone. Mimi nimeonwa vya kutosha, mwanangu: kwenye foleni, maofisini, na wale waliokuja na kamera zao. Mara hii moja nilikuja kuona mimi. Daraja langu mmeninyima, na katika watu wote wa jumba lile ni wewe peke yako uliyejua nililingojaje. Sikudanganyi, moyo bado unawaka.

Sitakifua. Utakuja kukifua mwenyewe, kwa mikono, si kwa mashine. Usinipigie simu kwanza, maana nikisikia sauti yako naweza kukukataza. Njoo tu.

Papa yako