Majirani Kwenye Kadi

Candida, kama ni wewe uliyefungua daftari hili, lifunge. Kazini tumekatazwa kusema. Nakusihi, neno lisitoke humu, hata kwa baba yako.

Jumatatu, 13 Oktoba 1975
Kompyuta imekataa tena! Kadi moja imepinda, kazi nzima imesimama. Kila kadi ninayotoboa matundu ya kusomwa na kompyuta ni mpiga kura wa kubuni. Anawatazama majirani zake: wengi wakielekea alama ya Jembe, naye Jembe, wakielekea Nyumba, naye Nyumba. Mizunguko mitatu ya kutazamana. Matokeo – wote Jembe! Ndugu Awadhi, mtafiti wetu, kasema hao si watu, ni mbuzi. Nirudie.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimerudia mara nne. Mbuzi.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimepata! Baba mdogo, babake Candida, ni balozi wa nyumba kumi, na daftari lake la wakazi hukaa juu ya kabati. Nimetoboa kadi kwa majina yao hasa: nani hasalimiani na nani, nani haambiliki. Bi Zamzam haambiliki – kabaki Nyumba mizunguko yote, peke yake. Awadhi kafurahi: sasa hawa watu! Sikumwambia nimewatoa wapi. Nakala ya matokeo iliyofifia, majina yote juu yake, nikaitupa pipani ofisini.

Jumanne, 21 Oktoba
Mungu wangu. Karatasi za pipa la ofisi yetu huishia kwa wauza karanga wa Kariakoo! Sikujua. Bi Zamzam kaingia nyumbani kwetu na kifungashio cha karanga mkononi – ile nakala yangu.
"Balozi! Kura Jumapili, mbona yangu imeshapigwa? Tena Nyumba!"
Mumewe, Mzee Mrisho, kacheka: "Heri wewe, mwenzio nimebadilishwa mara mbili kama nepi."
Baba mdogo kaapa hajui lolote. Mimi nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuchambua.

Jumatano, 22 Oktoba
Wamemwita baba mdogo kwenye tawi la chama tangu asubuhi. Daftari la majina ni lake, basi kura kazipanga yeye – ndivyo wanavyosema. Nimemweleza Awadhi yote; kaniambia ninyamaze, yatapita. Yatampitia nani?
Nimeitafuta kadi yangu. Ndiyo, nilijitoboa na mimi. Mizunguko mitatu, mara zote nimefuata majirani.

Saa tisa alasiri. Hajarudi. Naenda tawini na kadi zote kwenye mkoba wa sokoni, waone kura ni za kubuni na ni zangu.
Candida, sasa soma. Usinifuate. Ikifika Ijumaa sijarudi, nenda Posta, ofisini kwetu, ghorofa ya pili, umlete Awadhi – hata kwa kumshika shati. Nitakuwa kwenye benchi la nje pale tawini. Benchi likiwa tupu, ingia uulize. Usiseme unamtafuta mtoto wa balozi. Sema Severa Tarsis, aliyetoboa kadi.