Binti Yangu Anaamini Natafuta X kwa Kichwa

Mpendwa mshauri, niokoe kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa nimeitwa shuleni na mimi siyo mwanafunzi.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha, wateja wananiita Profesa na siyo kwa kejeli, nimetembea mimi, nimefanya kazi bandari tatu, nimekula na mabaharia wa lugha sita na wote nikawavunja mbavu, shule tu ndiyo niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, tusichimbe. Sasa binti yangu wa pekee akaanza aljebra, mambo ya kutafuta x, akawa analia juu ya daftari, na machozi ya yule mtoto siyawezi, nikajikuta nimesema, "Mwanangu, hizo mbona baba yako anazimaliza kwa kichwa! Nipe dakika tano." Mshauri, mdomo huu!

Nikakimbilia kwa dada wa duka la kuchapisha, akanifundisha jedwali la kompyuta, lile lenye vyumba vyumba kama nyumba ya kupanga. Safu ya kwanza naandika moja, mbili, nazivuta chini kwa kipanya zinajiendeleza zenyewe, hizo ndizo x za kujaribu. Safu ya pili ni upande wa kushoto wa swali, ya tatu upande wa kulia, ya nne kushoto kutoa kulia. Penye sifuri pande mbili zimelingana, x imekamatwa! Basi kila jioni binti ananisomea swali, nasema, "Ngoja nikaangalie chuma kama kimepoa," naingia chumba cha nyuma cha karakana kwenye kompyuta yangu kuukuu, natoka na jibu nimekunja uso kama mtu aliyefikiri sana. Miezi miwili sijakosa hata moja. Na heshima imepanda, siku hizi kabla sijainuka ananiwahi mwenyewe, "Baba, chuma hakijapoa?" huku anatabasamu, na nikiingia kule nakuta kikombe cha chai kimeshawekwa kando ya kompyuta, mtoto anajali kazi za baba yake.

Wiki iliyopita likaja hili: 5x − 4 = 3x + 3. Nimevuta mpaka mia tisa, sifuri hakuna. Penye tatu imekuja −1, penye nne imekuja 1, baada ya hapo inapanda tu haishikiki. Nikatoka kifua mbele, "Mwanangu, kitabu kimekosea." Akaandika hivyo hivyo, na mwalimu alipobisha akasimama mbele ya darasa zima akasema, "Baba yangu hakosei." Ndiyo nimeitwa. Mshauri, geti likipinda nalinyoosha, lakini nikiwa tapeli machoni pa yule mtoto nitajinyooshea wapi? Nimwambie ukweli, au Ijumaa niumwe?

Profesa wa mageti

JIBU

Profesa, shusha pumzi. Kitabu hakikukosea, na kompyuta yako haikukosea. Tofauti imetoka −1 ikafika 1. Haiwezi kufika huko bila kupita kwenye sifuri. Umeiruka tu. Anza na 3, halafu 3.1, 3.2, vuta chini. Penye 3.5 utaikuta imekaa inakusubiri. Wewe unayekata vyuma kwa milimita kutwa nzima, umesahau kwamba kati ya tatu na nne kuna nusu? Aibu hiyo ni yako, ichukue.

Ile nyingine iache. Kujaribu x moja baada ya nyingine mpaka pande zilingane ni njia halali, na wenye elimu zao huitumia. Utapeli wako ni kule kukunja uso.

Sasa nikuambie kitu, maana barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimecheka. Mtoto anakuuliza kama chuma hakijapoa, na anatabasamu. Chai haiweki kwenye mashine ya kuchomelea, anaiweka kando ya kompyuta. Baba wewe! Binti anajua. Anajua siku nyingi, na bado alisimama mbele ya wenzake akakutetea. Kichwa chako hakimshughulishi. Alikuwa anamtetea mtu anayeacha kazi kila jioni kwa ajili yake.

Kwa hiyo usiumwe. Leo hii weka kiti cha pili mbele ya ile kompyuta, umwombe radhi kwa maneno machache. Wewe ukipewa nafasi utaanza habari za mabaharia. Kuanzia sasa yeye akokotoe kwanza kwa kalamu, jedwali lije kuhakiki, kwa sababu chumba cha mtihani hakina chumba cha nyuma. Ijumaa useme wewe, siyo yeye: "Mwalimu, aliyekosea ni mimi, jibu ni tatu na nusu." Halafu unyamaze, binti aonyeshe njia ubaoni.

Na jioni akikuuliza tena kuhusu chuma, mjibu: "Kimepoa, mwanangu. Njoo tukione wote."