Baba, Mtumbwi Wako Niliuzamisha

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila shikamoo utanuna huko uliko. Ni mimi Skola, yule uliyemwita Mama Maswali kwa sababu niliuliza mpaka ugali ukapoa. Nina swali lingine, na hapa kisiwani hakuna wa kunijibu.

Tangu utuache mambo yamegeuka. Kule Mbinga sasa kahawa inanunuliwa hata na watu binafsi. Kaka Bosko alikwenda Ruanda, kule kule Mbinga, kuchuma kahawa ya Wamatengo, akarudi na redio na mke. Mke ni Agata, mpole. Redio ndiyo inayosema sana. Ndiyo iliyotuambia kwamba upepo mkali wa mwera unakuja, na kwamba vyombo vyote vya visiwani vihamishiwe nchi kavu, Liuli, visije vikavunjika. Kesho yake Mtendaji akaja na boti kurudia maneno yale yale. Nikamuuliza, na sisi watu je? Akasema, "Dada, mimi nimetumwa. Yameamuliwa Dar es Salaam." Nilimwonea huruma, maana na yeye alikitazama kisiwa kama mtu anayejiuliza.

Sasa sikia walichofanya watu wako. Walitii. Wanaume wote wakapiga makasia hadi Liuli, wakaivuta mitumbwi mchangani, wakaifunga kwenye miti, wakapongezana. Ndipo wakageuka kutazama nyumbani. Hakuna aliyekuwa amefikiria atarudi na nini, na upepo ulishaanza. Bosko alikuwemo, na huku Agata siku zake zimekaribia. Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikanikauka.

Mtumbwi wako haukwenda. Bosko alitaka kuukokota nyuma ya wake, nikamwambia umetoboka. Wapi, ulikuwa mzima. Nilifanya ulivyokuwa ukifanya mwera ukinukia: nikausukuma kwenye matete, nikaujaza maji na mawe, nikauacha ukae chini. Ulikuwa ukisema kilicho chini hakipigwi na wimbi. Ulipozama nililia, Baba. Nilijiona nakuzika tena.

Mwera ukavuma. Nyasi za paa la jikoni zilikwenda zote. Ulipopungua, Agata akashikwa na uchungu. Mkunga wetu, Mama Fidea, akampapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, huyu ni wa hospitali. Hospitali iko Liuli. Mitumbwi iko Liuli. Waume wako Liuli.

Tuliingia majini wanawake peke yetu, tukatupa mawe, tukauinua, tukachota maji kwa sufuria. Mimi nilishika kasia, Mama Fidea akamshika Agata. Ziwa lilikuwa bado lina hasira na niliogopa sana. Bosko aliutambua mtumbwi wako tukiwa bado mbali, akaingia majini na nguo zake. Mkewe alipokwisha kupokelewa alirudi ufukweni, akaukagua mtumbwi ndani na nje, akaniuliza tundu liko wapi.

Wamepata mtoto wa kiume. Wamempa jina lako, na anavyonikodolea macho naona huyu naye ataulizauliza.

Swali langu ni hili. Yule aliyeamua, alikuwa akiona nini kichwani mwake? Sisemi ni mtu mbaya. Labda alitaka kutuokoa kweli. Labda kwenye ramani yake kisiwa chetu kina mitumbwi tu, watu hakina. Natamani kumjua. Je, amewahi kulala mahali ambapo hatoki mpaka apate mtumbwi? Bosko anasema ndiyo maana sijaolewa, kwa maswali kama haya.

Mtendaji anasema mwera wa mwakani agizo litakuwa lile lile. Kwa hiyo nakuahidi, nitapanda hadi Mbinga, wilayani, kuuliza. Wakinielekeza Dar, nitauliza njia ya Dar. Nikipata jibu nitakuja kaburini kukusimulia, wewe wa kwanza.

Pumzika, Baba. Na kama hawatakuwa na jibu, usihangaike. Yale mawe nimeyarudisha pale pale kwenye matete, na mjukuu wako nitamwonyesha.

Mwanao,
Skola