Siku Kumi na Mbili Nilizozificha

Jumatatu, 3 Juni 1957

Ukungu tangu alfajiri. Hapa Mufindi mwezi huu jua ni hadithi. Mapumziko ya uzazi yamebaki juma moja tu, Jumatatu ijayo narudi kuchuma chai. Asukile ana wiki nane. Ananyonya kama mtu aliyetoka safari. Nitamwacha wapi? Banda la watoto — bibi mmoja, watoto ishirini, moshi. Humo ndimo alimofia mwanangu Anania mwaka juzi, kwa homa. Mimi nilikuwa mistari mitatu tu ya chai kutoka hapo. Nilimsikia analia. Nikasema, nimalize kikapu hiki kwanza.

Sijaliandika hilo popote mpaka leo.

Nina siku kumi na mbili za livu, likizo yangu ya mwaka, sijazigusa. Kesho nakwenda ofisini.

Jumanne, 4 Juni

Nimeomba hivi: kila wiki nifanye kazi siku tatu, siku tatu nikae na mtoto kwa livu yangu. Wiki nne zitaisha. Kufika hapo mdogo wangu Ikupa atakuwa amemaliza mavuno kwetu Rungwe, aje kumlea. Siku zangu za kazi, jirani yangu Apolonia amekubali kukaa naye, maana yeye huchuma Alhamisi hadi Jumamosi.

Nyapara Kasian alikuwa ameegemea mlango. Akasema livu ni ya kwenda kwenu, si ugali wa kumegamega! Wanyakyusa mna mambo. Watu wakacheka. Karani Edmund hakucheka. Akaniambia, rudi Alhamisi, mama Asukile, nitamwuliza bwana meneja.

Jumatano, 5 Juni

Nimemsikia tena. Nilikuwa nakoroga uji. Kikohozi nyuma ya ukuta — mara mbili kifupi, mara moja kirefu. Ni cha mama, hakuna mwingine. Nikatoka. Hakuna mtu. Ukungu tu, na harufu ya mtindi kama kibuyu cha mama kimefunguliwa. Hapa kambini nani ana ng'ombe?

Niandike basi. Oktoba ilikuja simu ya maandishi: mama mgonjwa sana, anakutaja. Bwana meneja akasema niende. Mimi nikakataa. Mimba ilikuwa ya miezi mitatu, nikamwekea mtoto wa tumboni hizo siku za livu, asije akalala kwenye lile banda. Nyumbani nikaandika kwamba bwana amenikatalia. Baada ya wiki mbili mama akafa. Maziko sikwenda. Kambini nilisema hivyo hivyo, nimekataliwa. Apolonia alilia pamoja nami, akamtukana bwana kwa Kibena mpaka sauti ikamkauka.

Saulo, mume wangu, yuko migodini kusini. Hajui lolote.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepewa! Bwana amekubali yote. Ningekuwa na furaha, lakini Apolonia, alipotoka kuchuma, alinisindikiza, akasimama karibu yangu. Edmund akafungua daftari, akasema kwa wema kabisa: Bwana anakukumbuka. Si wewe tuliyekuruhusu kwenda kumwona mama yako, ukasema huendi?

Kurudi, Apolonia alinitangulia. Bombani akajaza ndoo aliyoiacha hapo, akaiweka chini.

"Kumbe uliruhusiwa."

Nikafunga bomba.

"Nililia bure, dada."

Nikamwambia, sikiliza, ilikuwa kwa ajili ya mtoto.

"Mtoto wako mimi simshiki tena. Simchukii. Namwogopa huyo marehemu mama yako."

Akajitwika ndoo. Maji yalimwagika njia nzima, hakujali.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda kugonga kwa Apolonia mara mbili. Anajibu kutoka ndani kwamba anasuka nywele. Kanisani mwalimu alisoma amri ya kuheshimu baba na mama. Nikatoka nje, nikasingizia mtoto.

Siku ninazo. Wa kunisaidia sina.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwacha kwenye banda. Mikono yangu mwenyewe.

Kikapu mgongoni pale alipokuwa mtoto. Majani yana maji ya barafu, vidole havisikii. Saa nne hivi akalia. Niliijua sauti. Safari hii nilitupa kikapu, nikakimbia! Kasian akapiga kelele nyuma, wewe mwanamke, leo siku yako siitii alama, hulipwi! Sikugeuka.

Nikamkuta ametulia. Anaangalia pembeni kwenye moshi, anacheka. Bibi wa banda akasema, ametulizwa na yule ndugu yako. Ndugu gani? Mama mrefu, anakohoa kohoa, ametoka sasa hivi, hamkupishana?

Hatukupishana.

Wachumaji wanaokohoa ni wengi, baridi hii. Ndivyo ninavyojiambia.

Alhamisi, 13 Juni

Siku ya kwanza ya livu. Nimelala naye mchana kutwa. Kikohozi hakuna. Siku hii bei yake ilikuwa mama yangu.

Jumapili, 16 Juni

Ikupa amefika! Bila barua. Amepanda lori la mizigo kutoka Mbeya mpaka Mafinga, kisha kwa miguu. Mavuno kayaachia wengine. Kavaa kitenge cha mama. Kabla hajaingia alikohoa pale nje, nikaangusha bakuli. Vumbi la njiani, anasema.

Asukile amemzoea papo hapo. Jioni ya leo akanieleza. Barua yangu ilipofika mama alikuwa bado ana fahamu. Akasomewa. Akasema, maskini mwanangu, huko ni mtumwa, basi msimlaumu. Ndivyo alivyokufa, ananihurumia.

Nikaenda kuchota maji, na ndoo ilikuwa imejaa.

Tarehe 29 wanamaliza msiba. Ikupa amekuja kunichukua. Anasema kwetu aliyekosa maziko akikosa na siku hiyo, mtoto wake haonyeshwi kaburi tena. Anasema, huyo bwana hawezi kukukatalia mara ya pili. Atamwendea yeye mwenyewe ofisini, ambebe mtoto bwana aone.

Nikasema, kula kwanza.

Jumanne, 18 Juni

Kila nikifungua mdomo nasema neno jingine. Chumvi. Kuni. Leo nilifika mpaka "Ikupa, ile barua —" Akasema, usiilie tena, dada, yameshapita.

Alhamisi, 20 Juni

Siku yangu ya livu, niko nyumbani. Ukungu umeondoka ghafla, kilima chote kinaonekana. Nilikuwa bombani. Nimerudi, Ikupa hayupo, Asukile hayupo. Apolonia ameshatoka kuchuma, yuko mlangoni kwake. Kwa mara ya kwanza ananisemesha: wamekwenda ofisini. Nikamwuliza, nikimbie, nisikimbie? Akasema, ungekimbia Oktoba.

Kutoka hapa kizingitini ofisi naiona. Mlango uko wazi. Kitenge cha mama, cha rangi ya kutu, mtoto mgongoni. Edmund anafungua daftari. Anatafuta ukurasa kwa kidole, taratibu, mtu mwema. Anamsomea ule ukurasa wa Oktoba.

Nimechukua daftari langu nami, sijui kwa nini. Mkono unahitaji kazi.

Ikupa ameinama kuangalia. Yeye hajui kusoma. Anamwuliza kitu. Edmund anasoma tena.

Sasa ametoka. Hakimbii. Anamfunga Asukile vizuri mgongoni, kwa nguvu, kama mtu anayeanza safari ndefu. Anasimama pale njia inapogawanyika, ya kuja kambini na ya kwenda barabara ya Mafinga.

Anakohoa. Ananitazama. Kalamu naiweka chini, nakimbia.