Kiti cha Sufi cha Mwalimu Kalinga

Jumatatu, 4 Februari 1957

Mvua tangu alfajiri. Kibanda changu cha viatu na viti kinavuja juu ya ngozi. Nikahamisha ngozi — tundu jingine!

Amekuja Mwalimu Silvester Kalinga, yule Mhehe supervaiza wa shule za misheni. Mrefu mno, mlangoni kwangu huingia kama anarukuu. Misheni wamempa pikipiki ya watu wafupi. Akikaa, magoti yanagusana na viwiko. Jana katoka Chunya, leo mgongo haunyooki.

Anasema padri amemweleza waziwazi: asipoweza kuzunguka shule kwa pikipiki, yupo mwalimu mwingine anayeweza. Yeye atarudi kufundisha watoto a-e-i-o-u, kwa mshahara wa a-e-i-o-u. Alicheka akisimulia. Sikumwamini kile kicheko. Mkewe Benedicta na watoto watano wako Iringa, wote wanamtegemea.

Nimemwambia kiti cha pikipiki nitakipandisha. Akauliza mbona simpimi miguu. Nimekataa. Fundi cherehani apime kifua na kiuno, shauri lake. Marehemu baba ndiye aliyekuwa akipima maiti za Waislamu wa mji huu wa Mbeya, kwa kamba, utosi hadi kisigino, ndipo kaburi lichimbwe. Nimekatazwa tangu utoto kumwekea kamba mtu anayepumua. Jicho langu linatosha. Miaka kumi na tisa ya kazi, hakuna kiti kilichorudishwa.

Jumatano, 6 Februari

Tumejaribu viti siku nzima. Cha kwanza, hiki chake cha springi: kigumu, kifupi, kinamkata mapajani. Cha pili nilikitoa kwenye pikipiki mbovu ya Mhindi wa gereji: kipana, lakini kimelala, magoti yanabaki juu vilevile. Tatu, mto alioshonewa na Benedicta. Mzuri, una maua! Kona ya kwanza tu ya Ilomba ukateleza, naye nusura ateleze nao.

Basi nitakishona mwenyewe. Ubao chini, makumbi ya nazi katikati, sufi ya mti wa msufi juu, ngozi ya ng'ombe iliyotiwa mafuta. Mtu mrefu hataki ulaini tu. Anataka kimo, miguu ipate nafasi ya kukunjuka.

Jumamosi, 9 Februari

Nimemaliza. Vidole vimechubuka kwa sindano ya shazia. Lakini kiti! Nimekizungusha mara tatu kukitazama, kama bwana harusi.

Kimejaa kupita kiasi, ndivyo inavyotakiwa. Baba alinifundisha: kiti cha sufi hujazwa kikafura, kisha hulazwa. Gunia la mchanga juu yake, wiki mbili. Kinashuka upana wa vidole vitatu, ndipo anapewa mwenyewe.

Mwalimu amepita jioni. Ana mkutano Iringa, anaondoka Jumanne. Aliuliza kama kitakuwa tayari. Nilipaswa kusema hapana. Ningemwambia: nenda na cha zamani, umia safari moja, ukirudi utakikuta kimelala. Maneno mepesi kabisa. Nikasema njoo Jumatatu.

Jumatatu, 11 Februari

Kimefungwa. Tulimkalisha kwenye sakafu ya saruji ya duka la jirani, watu wakajaa. Mgongo umenyooka! Magoti yameshuka mahali pake! Mwalimu akasema hata askofu hajakalia kiti kama hiki. Watu wakanipigia makofi, sifa zikanipanda kichwani.

Lakini niliona. Vidole tu vya miguu ndivyo vilivyogusa chini. Jicho langu lilikosea, na sufi haijashuka. Mwanakhamisi wangu alikuwa ameniletea chakula, akasema pole pole kwamba mgeni anasimama kama mtu anayechungulia ua wa jirani. Nikamfokea mbele za watu, nikamwambia kazi yake ni jikoni. Mke wangu, niliyeishi naye miaka kumi na tano.

Mwalimu naye aliuliza, miguu mbona haitulii. Nikamjibu: sufi hushuka, Mwalimu. Ukifika Iringa utajikuta umekanyaga chini.

Si kweli. Safari moja haifanyi kazi ya wiki mbili. Nilijua hivyo nikiwa nasema.

Jumanne, 12 Februari

Ameondoka alfajiri. Nilisikia mlio wa pikipiki ukipotea upande wa Uyole. Mvua imeanza saa nne.

Ijumaa, 15 Februari

Sikuenda msikitini. Niandike.

Lutengano, dereva wa lori la mbao, kaja na habari. Mwalimu kaanguka Jumanne karibu na Mafinga. Lori lilikuwa linakuja, barabara tope tupu. Akajitoa pembeni, akasimama ili lipite, kama mtu mwenye akili. Akashusha mguu wa kushoto. Pale pembeni barabara inainamia mtaroni — mguu haukukuta ardhi. Pikipiki ikalala naye, ikamwangukia mguu, injini ya moto juu yake. Lori likapita, halikumwona. Alilala mtaroni tangu alasiri mpaka magharibi, maji ya mvua yakimpita, mpaka wakata mbao waliokuwa wanarudi makwao wakamsikia.

Yuko hospitali Iringa. Mguu umesagika.

Vidole viwili! Kiti kingeshuka upana wa vidole viwili tu, angeifikia ile ardhi.

Lutengano anasema pikipiki haikuharibika. Akanisifu. Kiti kimelowa maji jioni nzima, anasema, lakini kimejaa tele, hakijashuka hata kidogo. Nilitamani anitukane.

Jumamosi, 16 Februari

Karani wa boma kaja, naye mrefu. Anataka kiti kama cha Mwalimu Kalinga, kwa kuwa amesikia hata kwenye ajali hakikuchanika. Nimemwambia sufi imekwisha. Gunia zima lilikuwa nyuma yangu, akilitazama. Kaondoka amenuna.

Mwanakhamisi ananipakulia, anakaa. Angesema tu "nilikwambia", ningepumua.

Jumanne, 19 Februari

Wameukata. Juu ya goti.

Jumanne, 26 Februari

Sifanyi kazi. Nimekaa na msharasi mkononi toka asubuhi, kiatu kimoja hakijatobolewa.

Usiku huu nimemwomba Mwanakhamisi radhi kwa yale ya dukani. Akasema amekwisha kusamehe, yeye si wa kuombwa. Wa kuombwa yuko Iringa. Kweli tupu, na imeniuma kuliko kelele.

Alhamisi, 7 Machi

Barua, kwa mkono wa Lutengano. Mwandiko wa Benedicta. Mumewe anasalimu sana. Magongo ya hospitali ni mafupi, akiyatumia anapinda mpaka maumivu yale yale ya mgongo yanamrudia. Hataki fundi wa Iringa. Anataka nimtengenezee mimi, maana fundi Muhidini anaujua urefu wake.

Mbele kidogo: misheni wamempa nafasi yule mwalimu mwingine. Nyumba ya misheni waihame baada ya Pasaka. Ameandika kwa mstari mmoja tu, kama vile ni habari ya jirani.

Nimeisoma mara nne. Hakuna lawama popote. Nimetafuta.

Jumapili, 10 Machi

Ndani ya lori, naandika tukisimama. Tumelala Makambako. Nimebeba randa, msumeno, na kamba ya marehemu baba. Mwanakhamisi ndiye aliyeitia mfukoni. Safari hii usitumie jicho, kasema.

Mafinga nimenunua mbao mbili za msonobari, kavu, zilizonyooka. Mbele kidogo Lutengano akapunguza mwendo, akanionyesha mahali. Nyasi, mtaro, maji. Nilishuka nikasimama pale pembeni, nikanyoosha mguu mtaroni. Mimi mfupi. Sikupata kitu.

Nimejizoeza maneno njia nzima. Mwalimu, kiti sikukilaza. Mwalimu, niliona vidole vyako, nikakudanganya. Maneno machache tu. Lutengano akauliza naongea na nani.

Jumatatu, 11 Machi

Iringa. Baridi. Naandika kwenye benchi nje ya wodi.

Nimeingia saa tatu. Kitanda hakimtoshi, mguu uliobaki unachungulia nje ya blanketi. Amekonda. "Kamwene, fundi!" akanisalimu kwa Kihehe, kwa furaha, mpaka wagonjwa wakageuka. Benedicta akanipa kigoda, akanishukuru kwa kuja mbali hivyo. Kunishukuru mimi!

Mwalimu akawa anamweleza muuguzi na kila aliye karibu: huyu ndiye aliyenitengenezea kiti. Mbeya mpaka Mafinga mgongo haukuniuma hata mara moja. Kosa ni langu, nilisimama vibaya.

Nikasema tupime kwanza. Mwoga mimi. Nikatoa kamba. Kwapani mpaka kisigino, naye amelala chali, vile vile nilivyomwona baba akifanya maisha yake yote. Tofauti, huyu ananitazama. Kamba ikapinda, nikaanza upya.

"Leo umekubali kunipima," akasema.

"Leo nimekubali, Mwalimu."

Nikafungua mdomo niseme. Yeye akatangulia, taratibu, mkewe anasikia.

"Fundi, nikuulize. Magongo nayo hushuka?"

Hakucheka. Wala hakukunja uso. Sijui alikuwa ananitania, au anajua yote tangu siku ile dukani na amenileta hapa ili niseme mwenyewe. Benedicta akamtazama yeye, kisha mimi. Akauliza kitu gani kinashuka. Mwalimu alikuwa ananingoja mimi.

Nikasema naenda kutafuta penseli ya kuandikia kipimo.

Penseli ninayo. Ndiyo hii.

Kamba nimeiacha juu ya kifua chake. Mlango uko wazi kidogo. Benedicta anauliza mbona fundi amekawia, na Mwalimu anamwambia mwache, atarudi.