Kitabu Nilichokunyang'anya

Chuno, Mtwara

Mdogo wangu Tusajigwe,

Tangu likizo iishe hupokei simu zangu, na Mama ananiambia ukisikia jina langu unatoka nje. Sikulaumu. Nimeona niandike, maana barua angalau utaifungua, hata kama ni kwa hasira. Hujambo lakini, mdogo wangu? Magoti ya Mama yanaendeleaje na baridi ya huko Tukuyu? Mimi namshukuru Mungu. Joto la huku bado linanishinda, na kazi inaniacha hoi, ila ni mzima.

Nakuandikia kuhusu kile kitabu chako, kile chenye msichana wa taji kwenye jalada. Nilikunyang'anya mbele ya wageni, nikasema mapenzi ya wana wa wafalme ndiyo yaliyokufelisha kemia. Ukanijibu, "Hujasoma hata ukurasa mmoja, Dada." Nikakitia kwenye begi langu nikasafiri nacho hadi huku, kwa ukaidi tu. Ulisema kweli, sikuwa nimekisoma. Sasa nimekisoma, tena si peke yangu.

Siku hizi nimehamishiwa kwenye nyumba ya kungojea, ile ya pembeni ya hospitali wanakokaa wajawazito wenye matatizo waliotoka mbali, hadi siku zao zifike. Kungojea ni kazi ngumu. Wanapika, wanafua, wanasukana, wakiinua macho jua liko palepale. Alasiri moja umeme ulikatika na mtandao ukaondoka nao, nikakaa barazani nikafungua kitabu chako ili nikicheke. Sikucheka. Nilipofika pale Liora, yule mfua nguo wa ikulu, anapovishwa mavazi ya binti mfalme aliyetoroka ili aolewe na mwana wa adui mahali pake, niliacha chai ikapoa. Bi Zainabu, mama mmoja aliyetoka Nanyamba, mwenye mimba ya saba, akaniuliza kuna msiba gani humo kitabuni. Nikaanza kumtafsiria kile Kiingereza. Kabla sijamaliza ukurasa, wenzake wote walikuwa wameburuta mikeka yao hadi miguuni pangu.

Basi ikawa kila siku saa tisa. Nilidhani hawatazielewa sheria za nchi ile, watu kupewa namba wakizaliwa, maji kugawiwa kwa tabaka, mto katikati na askari wanaompiga risasi anayevuka. Kumbe mimi ndiye nilikuwa sielewi. Somoe, mwanamke kijana wa kijiji cha Kitaya, alinikatiza akataka kujua mto huo una kina gani, na kama hapana mahali ambapo watu wa pande mbili wanavuka kimyakimya kwenda mazishini. Mama yake mdogo ameolewa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Kwake yeye mto ni kitu kinachopita katikati ya ukoo. Na walibishana, Tusa! Je, Liora amwambie Dorani, huyo mwana wa mfalme, ukweli kabla ya ndoa? Somoe alisema amwambie, kwa sababu mwanamume akija kugundua mwenyewe, kila neno la nyuma ataliona uongo. Bi Zainabu alisema asubiri mpaka azae kwanza. Walinuniana siku mbili nzima kwa ajili ya watu wasiokuwepo duniani.

Huyo Somoe ndiye ninayetaka kukusimulia. Mimba yake ilikuwa ya tatu, na kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini kabisa, limeziba njia ya mtoto. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa anacheka sasa hivi, na baada ya dakika chache damu ikamwagika bila maumivu yoyote. Alikuwa ametoka damu kidogo akiwa kwao, ikakoma. Nilimweleza zaidi ya mara moja kwamba hatakiwi kuondoka pale mpaka afanyiwe upasuaji. Kila mara aliitikia, "Haya, Nesi," huku anatazama chini.

Msimu wa korosho ukaanza. Mumewe, Hamisi, akapiga simu kwamba korosho zinaanguka na hakuna wa kuokota, na mtoto wao mdogo anakataa chakula kwa bibi yake. Alhamisi asubuhi nilimkuta Somoe amefunga kanga zake fundo moja, ndoo mkononi. Alisema damu ilishakatika, yeye ni mzima, angerudi siku ya upasuaji. Nilipandisha sauti. Nilimwambia atafia njiani. Akaendelea kutafuta ndara zake.

Nilikuwa nimeishiwa maneno, nikakaa tu kwenye mkeka wake. Nikamwuliza huyo mtoto anaitwa nani, na kwa nini hataki kula. Akanieleza. Akalia kidogo. Kisha nikampigia Hamisi mbele yake, nikamweleza taratibu hatari yenyewe ni nini. Akasema hakuna aliyemwambia kwamba jambo ni kubwa kiasi hicho, na kwamba atamwita dada yake aje wasaidiane kuokota. Somoe akafuta uso, akaweka ndoo chini. Akasema, "Na leo saa tisa Dorani anamfuma Liora kwenye ua wa kufulia. Ngoja nisikie."

Wenzake walicheka kwamba amezuiwa na mwana wa mfalme, nami niliamini hivyo hivyo. Nilijisifu moyoni. Tangu siku hiyo nikawa nakatiza kusoma makusudi mahali pabaya, ili kesho yake wote wawepo.

Jumanne iliyofuata, mchana, Somoe alikuwa anachambua mchicha. Aliniita kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nesi, njoo uone." Kanga yote ilikuwa imelowa na damu inafika sakafuni. Tulimkimbiza kwenye kitanda cha magurudumu hadi chumba cha upasuaji, mimi nimemshika mkono, Bi Zainabu na tumbo lake anatufuata nyuma na kanga safi. Angekuwa Kitaya, kwa barabara ile, tungekuwa tunasimulia mengine. Mtoto alitoka kimya. Wakamsugua mgongo, wakamsugua tena, akalia. Wa kike. Mama yake aliongezwa damu, na kwa saa nyingi sikuthubutu kumwambia mtu yeyote kwamba atapona.

Alipona. Siku ya nne nilimfuata wodini, nikamsomea kurasa za mwisho alizozikosa, pale Liora anaposimama mbele ya baraza zima, anavua utaji, anataja jina lake halisi na kazi yake. Somoe alisikiliza huku ananyonyesha. Nilipofunga kitabu nikamtania kwamba Dorani ndiye aliyemwokoa, maana ndiye aliyembakiza siku ile.

Akatikisa kichwa. "Siyo Dorani, Nesi. Hadithi wenzangu wangenisimulia hata kwa simu. Wewe siku zote ulikuwa unasema na sisi umesimama mlangoni. Siku ile ulikaa."

Miaka yote ya unesi nimedhani kusema kweli kunatosha. Na wewe nilikusemesha nimesimama, mdogo wangu, mbele za watu, kitabu chako mkononi mwangu. Sikukuuliza kemia inakushinda wapi. Sikukuuliza unapata nini kwa Liora ambacho sisi nyumbani hatukupi. Nisamehe.

Kitabu nakirudisha pamoja na barua hii. Usishangae madoa ya mafuta ya nazi, kimepita mikono mingi.

Nisalimie Mama, na Baba ukimkuta hajakwenda shambani. Msalimie Baba Mdogo Ambonisye fundi baiskeli, na Shangazi Tupokigwe anayeuza ndizi stendi. Bibi mwambie nakula vizuri, samaki wa huku ni wengi kuliko anavyodhani.

Jambo moja bado linatusumbua hapa barazani. Kitabu kinaishia Liora amesimama mbele ya watu wote, na hakisemi kama Dorani alimsamehe. Bi Zainabu anasema alimsamehe palepale. Somoe anasema alimsamehe, ila ilimchukua muda. Wewe ulikisoma kabla yetu. Unaonaje?

Nangoja jibu lako.

Dada yako,
Atuganile